Mshono Baharini

Ghala hili lilikuwa la kahawa.
Hata leo, feni zikishika kasi,
vumbi la makapi huinuka kwenye nyufa za sakafu
na kompyuta thelathini na sita zinanukia mavuno
ambayo wenyewe hawakulipwa.

Bahari tumeikata miraba.
Kila mashine na wake:
joto lake, chumvi yake, kasi ya maji yake
kutoka usoni hadi kwenye giza la chini.
Hakuna hata moja inayoijua bahari nzima.
Ya kumi na nne imeangukia Pemba, karibu yote nchi kavu;
humaliza mapema, ikakaa kusubiri wenzake
kama mgeni aliyefika kikaoni kabla ya viti.

Mama aliuliza: "Bahari, huku Moshi?"
Nikamwonyesha mpaka wetu na kwa kina Kimaro,
safu ya masale, maji yakipita chini yake.
Nikasema, kila mashine hutunza
ukanda mwembamba wa shamba la jirani.
Nakala tu. Hailimi pale.
Inautazama ili ijue kinachokuja kuvuka.
Na kila dakika sita (za bahari, si za saa ya ukutani)
zote husimama, zikaulizana:
kwangu pako hivi, kwako je?
"Kumbe ni mfongo," akasema,
akaendelea kumenya ndizi.

Ni mfongo.
Ukifungua kabla ya zamu yako
unazamisha maharage ya mtu.

Machi, mshono ukatokea.
Kusini ya Mafia, mstari umenyooka
kama uliopigwa na fundi cherehani:
upande huu maji yanakwenda kaskazini,
upande ule yanasitasita.
Shaame, mtu wa Wete, sweta mbili na kofia,
akausogelea uso kwenye kioo.
"Bahari haina pindo," akasema.
"Hili tumelishona sisi."

Usiku kumi na moja.
Tukakagua chumvi. Tukakagua upepo.
Tukalaumu kebo, tukalaumu umeme wa Jumanne,
siku ya saba tukalaumiana,
akaenda kulala bila kuniaga.

Ilikuwa mashine ya ishirini na mbili.
Ilikuwa inatuma salamu kabla ya kumaliza kazi.
Haikudanganya. Namba zake zilikuwa kweli,
kweli ya hatua iliyopita.
Na jirani akazipokea kwa adabu
akajengea juu yake,
na jirani wa jirani,
hadi maji yasiyokuwapo yakawa na mawimbi.

Nikakaa kwenye gunia la nyaya.
Nikamkumbuka dada yangu Aikaruwa, yuko Arusha, Sakina.
Kila Jumapili: hamjambo? Hatujambo. Watoto? Wazima.
Tangu Januari mumewe hayupo pale nyumbani.
Nimelijua hilo msibani, kwa mtu baki,
huku nimeshika sahani ya pilau.
Na mimi pia, akiniuliza,
jibu hulitoa mdomoni
kabla sijageuka kutazama ndani.

Dawa ilikuwa neno moja.
Tuliliingiza katikati ya kukokotoa na kutuma:
subiri.
Mwendo ukapungua kidogo, Shaame akasikitika;
anapenda kasi, anahesabu sekunde kama mtu wa riadha.
Saa tisa usiku tukawasha upya.
Baridi ya mlima ikaingia kwa madirisha yasiyo na vioo,
ikazipoza mashine bure, bila LUKU.

Asubuhi mstari haukuwepo.
Shaame akapitisha kidole pale ulipokuwa,
kama anapapasa kovu la mwanawe,
akatoka kwenda kununua maandazi.
Ya kumi na nne ilikuwa imeshamaliza. Inangoja.

Nikampigia dada.
Haikuwa Jumapili.
"Salama," akasema, haraka, kabla sijauliza.
Sikujibu.
Nikasikia maji yakichuruzika kwenye ndoo upande wake,
mtu akafunga bomba,
nikaendelea kushika simu.